Kwa nini ekra ya zamani inawaka sekunde mbili halafu inazima?

Unafinya butoni, taa ndogo inawaka, jina la kampuni linapita kwenye kioo, sekunde mbili tu, giza. Unazima, unawasha tena, ni vilevile. Mwenye ekra bapa ya kompyuta ya zamani, zile za kati ya 2003 na 2010 hivi ambazo bado ziko kwa masekretaria mengi, vile vibanda vya kuchapa na fotokopi hapa Goma, anaujua vizuri huu ugonjwa, na ukimuuliza sababu atakujibu bila kufikiri: umeme umeiunguza.

Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, miaka mingi. Ekra ya dada yangu ilipoanza kufanya hivi, pale mtaa wa Katindo anapochapa barua za watu na kufanya fotokopi, nikamwambia ni delestaji tu, umeme unaenda unarudi kutwa nzima, kitu gani kitapona? Tukanunua stabilizateri, kile kifaa cha kusawazisha umeme, tukafunga, na ekra ikaendelea kuzima kama jana.

Sasa fanya kitu ambacho mimi sikufanya: geuza ekra, soma karatasi iliyobandikwa mgongoni karibu na pale waya inachomekwa. Nyingi zimeandikwa 100–240 V. Maana yake umeme ukishuka mpaka 160 ile saa ya jioni watu wote wanapika, ekra haina habari, inapokea chochote kilicho kati ya hizo namba mbili halafu ndani yenyewe inakitengeneza kuwa volti ndogo, kama 5 za kuendesha akili yake na 12 au zaidi kidogo za kuendesha mwanga. Njo maana stabilizateri haikusaidia kitu, ilikuwa inatibu mahali pasipouma. Sikatai kwamba umeme mbaya unaua. Waya ya nyutro ikikatika kwenye nguzo, nyumba ya 220 inaweza kupokea karibu 380, na hapo fyuzi inakatika au transista kubwa ya kwenye sahani ya umeme, ile bodi ya ndani inayogeuza volti, inapasuka. Lakini kifo cha namna hiyo mara nyingi ni kimya kabisa, hata taa ndogo haiwaki. Ekra inayokuonyesha picha kwanza halafu ndiyo inazima ina shida nyingine.

Wengine wanasema kioo kimekufa. Hiyo unaipima mwenyewe bila kufungua kitu: giza likishaingia na taa ndogo bado inawaka, zima taa ya chumba, washa tochi ya telefone, ilaze karibu na kioo kwa pembeni. Siku niliyofanya hivyo niliona barua ya mteja wa dada yangu imekaa mle ndani nzima, nyeusi kwenye kijivu, inasomeka mstari kwa mstari. Kioo kilikuwa kinafanya kazi yote. Kioo cha ekra hizi hakitoi mwanga wake chenyewe, ni kama pazia lenye maua, na nyuma yake kuna neoni nyembamba kama mrija wa soda. Kilichozima ni neoni.

Hapa ndipo penye utamu. Neoni hizi zikishawaka zinaenda na volti mia kadhaa, lakini kuziamsha kunataka zaidi ya 1,000. Ni kama chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, yenye magunia ya makala: ikishashika mwendo kijana mmoja anaiongoza, ila kuiondoa pale iliposimama lazima asukume kwa nguvu zote mara moja. Nguvu ya kusukuma inatoka kwa kapasita, fundi wa hapa wanasema kondansateri, zile kopo ndogo za aluminiamu zilizosimama kwenye sahani ya umeme. Kazi yao ni kama mapipa ya maji nyumbani, bomba linatiririka kidogo kidogo lakini pipa likijaa unaweza kuchota ndoo nzima mara moja. Ndani ya kopo kuna utepe wa aluminiamu na karatasi iliyolowa dawa ya maji, vimekunjwa pamoja kama mkeka. Joto linakausha ile dawa. Kopo iliyokauka ni kama bidoni ya lita 20 iliyozibwa mdomo na jiwe la volkano, maji yamo lakini yanatoka kwa uzi. Neoni inadai ndoo, inapata kikombe, inapepesa, na mlinzi wa saketi akiona mambo hayaendi sawa anakata umeme wa neoni baada ya sekunde moja au mbili. Kule kuzima ni ulinzi, umewekwa makusudi.

Kopo iliyoandikwa saa 2,000 kwa digrii 105 inaishi karibu mara mbili kwa kila digrii 10 unazopunguza, kwa hiyo kwenye digrii 65 hesabu inafika saa 32,000, ambayo kwa kazi ya saa 8 kila siku ni miaka 11 hivi. Hesabu ya karatasini, lakini inakaribia umri wa hizi ekra. Na kwa sababu dawa iliyobaki inafanya kazi vizuri zaidi ikipata joto, kuna ekra zinazokataa asubuhi, maana hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na asubuhi ni baridi, halafu saa sita mchana zinawaka kama hazijawahi kuugua.

Si kila ekra iko na ugonjwa huu. Neoni yenyewe ikizeeka inaleta dalili ileile, na kopo mbovu, ingawa mara nyingi inavimba juu, inaweza pia kukauka bila kuvimba. Ukitaka kufungua, chomoa waya kwanza na usiguse ile kopo kubwa ya 400 au 450 V, inaweza kubaki na volti 300 hata kama waya imetoka. Ekra za zamani zaidi, zile zenye mgongo mkubwa, mwachie fundi, mle ndani kuna volti zaidi ya 20,000.

Kwenye ekra ya dada tulikuta kopo tatu zimevimba juu, pale palipochorwa msalaba, na moja ilikuwa na ukoko wa kahawia mguuni. Fundi akaweka nyingine zenye mikrofaradi zilezile, yaani ujazo uleule, volti 25 pahali pa 16, za digrii 105, akiangalia ule mstari wa pembeni unaoonyesha mguu wa hasi. Stabilizateri tumeihamishia kwenye mashini ya fotokopi.