Miadi ya obiti ni nini?

Mtu wa Nairobi akikuambia "tukutane Kencom saa kumi," amekupa miadi: mahali panajulikana, saa inajulikana. Sasa tuseme umefika Kencom saa kumi kamili, lakini uko ndani ya matatu isiyosimama. Umemwona mwenzako dirishani, umempungia mkono, umepita. Hamjakutana. Kuna sharti la tatu ambalo hatulitaji kwa kuwa hapa chini kila mtu hulitimiza bila kufikiri, nalo ni kusimama aliposimama mwenzako.

Angani hakuna anayesimama, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Miadi ya obiti ni vyombo viwili vinavyoizunguka sayari kufika mahali pamoja, kwa wakati mmoja, vikiwa na kasi moja na mwelekeo mmoja. Obiti yenyewe ni ile njia ambayo chombo hupita kikizunguka. Wataalamu wengi wa anga hutumia neno la Kifaransa kwa tendo hili, na neno hilo maana yake ni miadi tu. Sisi tunalo letu, na linafaa kabisa.

Nilianza kulieleza jambo hili nyumbani Umoja, kwa mpwa wangu anayesoma sekondari. Anacheza Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta ambao mtu huunda roketi na kuzirusha kutoka sayari ndogo iitwayo Kerbin. Sayari ni ya kubuni, ila kanuni za mwendo ni za kweli, na ndiyo sababu naupenda mchezo huu kuliko mingine yote aliyonayo. Alikuwa amemwacha mwanaanga wake, Valentina, akizunguka kilomita 100 juu ya Kerbin, kapsuli haina mafuta hata tone. Angahewa ya Kerbin huishia kilomita 70, kwa hiyo hakuna upepo wa kumpunguza mwendo ashuke. Mchezo wenyewe haudai chakula wala hewa, hivyo angeweza kuzunguka miaka na miaka. Kijana hakutaka amwache hivyo. Akaunda roketi ya pili, akairusha, akamwona Valentina mbele yake, akaielekeza pua ya roketi kwake, akakanyaga mafuta.

"Mjomba," akaniita, "kila nikimfuata ananikimbia."

Kwenye Jogoo Road ukitaka kulifikia gari la mbele unaongeza mwendo. Ukiwa kwenye obiti, kuongeza mwendo kunakurudisha nyuma. Hili likieleweka, mengine yote yanafuata, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Chombo kilicho kwenye obiti kinaanguka muda wote. Kinakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba ardhi inajipinda chini yake kabla hakijaifikia. Kwa kila kimo kuna kasi moja tu inayokidumisha kwenye duara la kimo hicho. Ukizidisha kasi, hubaki kwenye duara lile: njia yako inatuna upande wa pili wa sayari, unapanda, na unapopanda unapungua mwendo, kama jiwe lililorushwa juu. Safari imekuwa ndefu na mwendo umekuwa mdogo. Ukirudi pale ulipokanyaga mafuta, uliyekuwa ukimfukuza ameshapita zamani.

Chukua hesabu za Kerbin yenyewe. Anayezunguka kwa kimo cha kilomita 100 huenda mita 2,246 kwa sekunde, na mzunguko mmoja humchukua dakika 32 na sekunde 38. Aliye kilomita 80 huenda mita 2,279 kwa sekunde na humaliza kwa dakika 31 na sekunde 15. Wa chini anatangulia kwa sekunde 83 kila mzunguko, muda ambao wa juu hukata karibu kilomita 190. Ni kama wanariadha wawili uwanjani Nyayo, mmoja njia ya ndani na mwingine ya nje, ila hapa wa ndani ana njia fupi na pia ndiye mwenye mbio zaidi. Basi anayetaka kumfikia aliye mbele hufunga breki ili ashuke, na anayetaka kumngoja aliye nyuma huongeza kasi ili apande.

Kosa la mpwa wangu liliwahi kufanywa na rubani hodari wa kweli. Juni 1965, James McDivitt, akiwa ndani ya chombo cha Marekani, Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichokuwa kimewapandisha. Alikielekea na kuwasha injini, kikazidi kwenda mbali. Mafuta mengi yakaenda bure, jaribio likaachwa. Wakati huo mwanaanga Buzz Aldrin alikuwa tayari amepata shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT kule Marekani, mwaka 1963, kwa utafiti juu ya miadi hii hii. Tarehe 15 Desemba 1965, Walter Schirra na Thomas Stafford wakiwa katika Gemini 6A walianza chini, wakapanda polepole kwa hesabu, wakaifikia Gemini 7, chombo kingine chenye watu, kwa umbali wa sentimita 30 hivi tu. Hiyo ndiyo miadi ya kwanza kamili ya wanaanga, kwa sababu walikaa pale pamoja kwa saa kadhaa. Hawakupishana tu.

Kabla ya kimo kuna suala la ulalo wa njia. Obiti mbili zinaweza kuwa na kimo kimoja na bado zikakatana kama barabara mbili kwenye makutano. Kugeuza njia ni ghali kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kimo cha Valentina, kugeuza digrii 10 hula karibu mita 390 kwa sekunde za uwezo wa injini wa kubadili kasi, ilhali kushuka kutoka kilomita 100 hadi 80 hula 33 hivi. Heri kurusha roketi katika ulalo sahihi tangu ardhini. Kituo cha kurushia roketi cha Kerbin kipo karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mtu anayezunguka juu ya ikweta hupita karibu na utosi wa kituo kila mzunguko, na nafasi ya kumfuata hairudi baada ya siku nyingi, inarudi mzunguko unaofuata. Pwani yetu ina sifa hiyo hiyo. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezewa uchunguzi wa miali ya eksirei angani peke yake, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na kuzunguka karibu juu ya ikweta. Jina ililipata kwa ajili ya siku yetu ya uhuru.

Basi tukaanza upya. Jambo la kwanza nililomuuliza: huyu Valentina ataketi wapi? Roketi ya uokoaji ya mpwa ilikuwa na kiti kimoja, na rubani amekikalia. Akaondoa rubani, akaweka kifaa cha kuiongoza roketi bila mtu, kiti kikabaki wazi. Hata katika maisha ya kweli hufanyika hivyo: chombo cha Urusi, Soyuz MS-22, kilipovuja kipoozaji Desemba 2022, Februari iliyofuata Soyuz MS-23 ilipanda bila abiria ili watu watatu waliokwenda na MS-22 wapate chombo cha kurudia. Mmoja wao, Frank Rubio, alirudi akiwa amekaa angani siku 371.

Mpwa akaiweka roketi kwa kimo cha kilomita 80, nyuma ya Valentina kwa mbali, akangoja. Kungoja ndiko kulikomshinda zaidi. Mizunguko mitatu ikapita, pengo likipungua lenyewe bila injini kuwashwa. Kisha akawasha kidogo, akapanda, zikabaki mita 300 kati yao, na tofauti ya kasi mita 16 kwa sekunde, sawa na mwendo wa matatu barabara ikiwa wazi. Nikamwonyesha abadilishe kipimo cha mwendo kisome dhidi ya shabaha badala ya obiti, ageuze pua kinyume, awashe injini hadi namba isome sifuri.

Ikasoma sifuri. Vyombo viwili, kila kimoja kikikata zaidi ya kilomita 2 kila sekunde, vikaonekana vimetulia tuli. Valentina akafungua mlango, akavuka kwa mkoba wake wa gesi, mita moja kwa sekunde, kijana ameshika pumzi mpaka mkono wa Valentina ulipogusa ngazi.