Gari la zamani lisilo na paa: kutu ianze kutafutwa chini

Mtu akinunua gari la zamani lisilo na paa, swali lake la kwanza kwangu huwa ni la rangi. Turudishe nyekundu ya kiwandani au tuweke ya metaliki? Mimi huomba jeki, tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa.

Chukua MGB, gari la Kiingereza lililotengenezwa kati ya 1962 na 1980. Halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye gari la kawaida paa la chuma husaidia kuishika bodi isipinde. Hapa juu ni turubai tu, kwa hiyo mzigo mkubwa unaangukia maboksi mawili marefu ya bati yanayopita chini ya milango. Hayo kwa gari ni kama mifumbati kwa kitanda. Yakioza, bodi inabonyea katikati, na dalili utaiona mlangoni: upenyo wa juu unabana, mlango unakwaruza, mwenye gari anadhani bawaba zimechoka.

Kwa Dar es Salaam maboksi haya huoza kutoka ndani. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo chuma kinaliwa upesi. Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi hutuna malengelenge kabla hujaona tundu. Lengelenge likitokea nje, jua ndani kumeshaharibika siku nyingi.

Pitisha sumaku taratibu. Isiposhika, hapo ni puti, ile lahamu ya kujazia mabonde kabla ya rangi. Sina ugomvi na puti ikiwa nyembamba na imekaa juu ya bati safi. Ugomvi wangu ni ile iliyozibia tundu, maana inanyonya unyevu na kuendelea kuulisha uozo chini kwa chini. Magari mengi yanayong'aa mjini yamesimama kwa puti.

Sasa kukata. Toa kwanza betri na tangi la mafuta. Gari likae sawasawa juu ya stendi imara, si tofali, likishikiliwa karibu na ekseli ili bodi ilale kama inavyolala barabarani. Funga milango, pima upenyo wake juu, kati na chini, uandike. Halafu toa mlango, uchomelee bomba la pembe nne kwenye nafasi yake, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Bila bomba hilo usiguse grenda.

Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja gari linajikunja, nawe utalichomelea likiwa limepinda, na hakuna fundi rangi atakayeficha hilo. Bati jipya lishike kwanza kwa nukta chache. Ondoa bomba kwa muda, rudisha mlango, linganisha na vipimo vyako. Ikikubali, rudisha bomba uchomelee kwa vipande vifupi ukirukaruka, joto lisikunje bati.

Usidanganywe na mabaki ya bati la kuezekea. Ni jembamba, na limepakwa zinki. Ukiuvuta moshi wake wakati wa kuchomelea, usiku wake unaweza kushikwa na homa.

Vipande vidogo, kama mabano na bawaba, navitoa kutu kwa umeme: naviweka kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na soda ya kufulia. Waya hasi wa chaja ya betri unakwenda kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, kinatoa sumu majini. Wala usitie chumvi. Fanyia nje, kwa sababu inatoka haidrojeni, gesi inayolipuka, na uzime chaja kabla ya kugusa waya. Springi usizitie humo kabisa, zinaweza kuwa dhaifu na kukatika.

Ukishachomelea, paka praima ya epoksi siku kavu, si katikati ya masika. Rangi ikishamalizika, nyunyizia nta ndani ya maboksi kupitia mashimo yake. Yale mashimo madogo ya chini ni ya kutolea maji: pitisha waya kila moja, hasa baada ya lami ya chini kupakwa, maana anayepaka lami huyaziba bila hata kuangalia.