Kipengele kilichopewa notisi hakijafutwa

Ukikaa na vijana wanaoandika mifumo hapa Dar, iwe Kijitonyama au Posta, chai haijapoa utasikia kwamba kitu fulani "kimefutwa" kwenye PHP au Java, lugha mbili za kuandikia programu. Mara nyingi hakijafutwa. Kimepewa notisi, na hayo ni mambo mawili.

Dhana yenyewe ni fupi. Lugha ya programu hutolewa toleo baada ya toleo, na kila toleo huja na vipengele vipya huku likijitahidi kuviacha vya zamani viendelee kufanya kazi, maana programu zilizokwisha kuandikwa ni nyingi na hakuna atakayeziandika upya bure. Kuongeza kuna utaratibu wake. Kwenye PHP pendekezo huandikwa, hujadiliwa, kisha hupigiwa kura na lazima lipate theluthi mbili. Java wana desturi ya kuonjesha kwanza: aina ya klasi (kiolezo cha kuundia objekti, yaani vifurushi vya data) iitwayo record ilionjeshwa katika toleo la 14 na la 15, ikawa ya kudumu kwenye la 16, Machi 2021. Hapo hapana ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kuondoa. Mpangaji wa Sinza akipewa notisi ya miezi mitatu, funguo bado anazo, analala humo humo na luku ananunua yeye. Kipengele kinachotoa ujumbe wa Deprecated kiko hivyo hivyo: kinafanya kazi ileile na kuleta jibu lilelile, ila wenye lugha wamekwambia uanze kutafuta pengine. Kilichoondolewa, ukikiita, hakipo, na programu inakatikia hapo.

Mfano unaonikera zaidi ni wa fanksheni za mysql_, zile za kuunganisha PHP na hifadhidata ya MySQL. Wengi wetu tulijifunzia PHP kwa mysql_connect na mysql_query. Mbadala wake, mysqli, ulikuja na PHP 5.0 mwaka 2004, na mbadala wa pili, PDO, ukaingia rasmi kwenye 5.1 mwaka uliofuata. Notisi ilitolewa kwenye PHP 5.5, Juni 2013. Kuondolewa kwenyewe ni PHP 7.0, Desemba 2015. Yaani mbadala ulikuwepo karibu miaka 9 kabla ya notisi, kisha ikaongezwa miwili na nusu ya kuhama taratibu. Bado wapo wanaosimulia kana kwamba PHP 7 ilivamia usiku wa manane.

Siwalaumu kabisa, kwa sababu notisi nyingi hazimfikii mhusika. Faili la mipangilio ambalo PHP huja nalo kwa ajili ya seva za kazini, php.ini-production, linazima ujumbe wa Deprecated. Sababu inaeleweka: mnunuzi hapaswi kuona maonyo ya fundi juu ya ukurasa wa malipo. Faili la pili, php.ini-development, linaonyesha kila kitu, lakini hilo ni la kompyuta ya fundi. Anayehariri moja kwa moja kwenye seva ya mteja (nanyi mnajijua) anaweza kumaliza miaka bila kuona onyo hata moja, hadi siku kampuni ya hosti inapopandisha toleo.

Halafu kuna notisi zisizoisha. Kwenye Java, Thread.stop, amri ya kusimamisha uzi (kazi inayokwenda sambamba na nyingine ndani ya programu), ilipewa notisi mwaka 1998, toleo la 1.2. Iliendelea kusimamisha nyuzi hadi Java 20, Machi 2023, ndipo ikaanza kukataa. Zaidi ya miaka 24! Baadhi ya njia za kuunda Date, klasi ya tarehe, zilipewa notisi mwaka 1997 na hadi leo zinakubali. Ndiyo maana Java 9, mwaka 2017, ilileta alama ya forRemoval. Notisi ya kawaida inakushauri usikitumie kitu hicho. Yenye alama hiyo inakwambia kitaondoka kweli. Kwa hiyo hata mtu akikwambia kitu fulani ni Deprecated, bado una haki ya kumuuliza ni notisi ya aina gani.

Siku hizi linalosemwa sana ni kwamba PHP 8.2 ilifuta sifa za objekti ambazo hazikutangazwa kwenye klasi. Haikuzifuta. Ilizipa notisi, Desemba 2022, na mpango ulioandikwa ni kwamba zitakuwa kosa kwenye toleo la 9. Asiyeweza kuhama kwa sasa anaweka alama ya AllowDynamicProperties juu ya klasi yake na onyo linanyamaza. Basi, ndugu yangu, kabla hujamwandikia mteja ankara kwamba mfumo umekufa kwa sababu ya 8.2, fungua logi, yaani faili la kumbukumbu za makosa, kwanza. Ukikuta maonyo ya Deprecated tu, endelea kushuka chini. Huenda kilichouangusha ni kitu kingine.