Wajibu wa Mwenye Punda au Mbwa Mbele ya Sheria na Serikali ya Kaunti

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikataja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo anayeshuhudia mnyama akiteswa hahitaji kutafuta ofisi Nairobi. Apeleke habari kwa idara ya mifugo ya kaunti yake au kituo cha polisi kilicho karibu. Hata hivyo, wa kwanza kuwajibika ni mwenye mnyama.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimlengi mpigaji peke yake. Kumtwika mnyama kupita uwezo wake, kumtumikisha akiwa mgonjwa au na jeraha, kumtelekeza, au kumfungia bila chakula na maji ya kutosha, yote ni makosa. Wengi bado huyachukulia kuwa mambo ya ndani ya boma, na hilo linatusikitisha sana sisi tunaowatibu wanyama hao.

Chukua mfano wa Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitiki kwa gari na punda ndiye anayebeba mawe, mchanga na saruji kutoka gatini. Punda mwenye uzito wa kilo 160 hushauriwa abebe takriban kilo 50 mgongoni. Mfuko mmoja wa saruji umeshatimiza kiasi hicho, hivyo anayeongeza wa pili, hata kama safari ni fupi, anamuumiza mnyama wake. Jioni mvue matandiko, kisha mpapase mgongo kwa kiganja: mahali manyoya yalipokatika na ngozi ikawa ya moto ndipo kidonda kinapoanzia. Akipumzishwa wakati huo hupona upesi, lakini akitwikwa tena kesho yake jeraha huchimbika, likaoza, na mwenyewe akakosa kipato kwa muda mrefu. Desturi ya kumwachia azurure usiku nayo ina hatari yake, kwa kuwa majaani mna kamba na vifungashio vya plastiki ambavyo marufuku ya mifuko ya 2017 haikuviondoa. Akivila huziba utumbo na kumuua kwa maumivu makali.

Mwenye mbwa ana wajibu kwa majirani pia. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa akitimiza miezi mitatu na arudiwe kila mwaka, awe na leseni pale kaunti inapoitaka, na cheti cha chanjo kitunzwe. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Ndiyo maana aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anafahamika.

Mnyama akifa ghafla, hasa akitokwa na damu puani au mdomoni, usimchune, usimpasue wala usigawe nyama, kwani huenda ni kimeta, ambacho vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi. Zuia watoto na mbwa wasimkaribie, na umwite afisa wa mifugo kabla ya kumzika.