Bolti Imelika Kichwa? Anza na Thredi

Watu wanaojitengenezea magari nyumbani huniletea kilio kimoja hapa Changamwe: "Fundi, kichwa kimelika, spana inazunguka tu." Kweli kimelika, lakini kichwa si ugonjwa. Iliyokamata ni thredi, ile mikunjo inayozunguka mwili wa bolti. Ilikataa kuachia, spana ikaendelea kusukumwa, ndipo pembe za kichwa zikasagika. Ukianza kutafuta mshiko mpya kabla ya kulegeza thredi, utamaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Kwetu Mombasa thredi hukamata mapema. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikipata unyevu kutu huenea haraka. Angalia chini ya gari linalolala Nyali au Likoni, utaelewa. Inayosumbua zaidi ni bolti ya chuma iliyofungwa ndani ya aluminiamu. Metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa, ikatoa unga mweupe unaojaa kwenye thredi na kubana sana.

Basi kwanza weka gari juu ya stendi, usitegemee jeki peke yake. Kisha chukua brashi ya waya. Safisha kichwa, na kama bolti imetokeza upande wa pili, safisha na ile ncha. Wengi huisahau, ilhali kutu yote iliyo pale italazimika kupita ndani ya nati. Mwagia mafuta ya kupenya jioni, rudia asubuhi. Weka kipande cha chuma juu ya kichwa ukigonge kwa nyundo, mapigo mafupi na yaliyonyooka. Mshtuko huo hupasua kutu na kufungulia mafuta njia.

Sasa tafuta mshiko. Acha soketi ya pembe kumi na mbili, chukua ya pembe sita, maana hiyo hukamata ubavu wa kichwa badala ya kona zilizolika. Kichwa cha milimita 14 kilicholika, jaribu soketi ya 13 uipigilie kwa nyundo; cha 17, jaribu 16. Kabla ya kufungua, kaza kidogo, kisha rudi nyuma. Ikisogea robo mzunguko ikaanza kulia, usifurahi ukaivuta. Mlio huo ni kutu kavu inayosaga thredi. Irudishe, ongeza mafuta, isubiri, uende mbele na nyuma. Bolti nyembamba za M6 na M8, yaani za unene wa milimita 6 na 8, hukatika hapo hapo, mtu akidhani ameshashinda.

Ikikataa bado, moto. Kinachopashwa moto ni nati au chuma kilichoizunguka bolti, ili kipanuke na kuiachia. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo moto mkali hauhitajiki. Nayo ina hatari yake: huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi au hata chini yake, bila kukuonyesha wekundu. Karibu na mpira, paipu za breki au tangi la mafuta, usiwashe moto kabisa. Tena usipashe mahali palipopulizwa dawa ya kusafishia breki. Zile zenye klorini hutoa gesi ya sumu zikiungua.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati mpya juu ya kichwa kilichoharibika. Unapata mshiko mpya na joto kwa mkupuo mmoja. Toa waya za betri kwanza, chomelea kupitia tundu la nati, subiri wekundu uishe, ndipo uzungushe polepole. Hata bolti iliyokatika ikabaki kisiki hutoka hivi. Kutoboa kwa drili na kuingiza kitoleo, kile kifaa cha kung'olea visiki chenye meno ya kinyume, naiweka mwisho. Vile vyembamba hukatika ndani, na chuma chake ni kigumu hata drili ya kawaida haikiingii.

Ukirudisha, weka bolti mpya. Soma namba ya uimara kichwani: palipokuwa na 10.9 usiweke 8.8, hasa kwenye breki na sasipensheni. Grisi ya shaba kidogo itakusaidia siku nyingine, lakini hupunguza msuguano, kwa hiyo ukikaza kwa nguvu ile ile bolti itavutika zaidi. Nati za magurudumu zifunge kavu isipokuwa mtengenezaji wa gari ameagiza vingine.

Ile bolti ya kumwagia oili ya injini ina kisa tofauti. Yenyewe hulowa oili, kutu haiiwezi. Huharibiwa na mtu aliyeikanyagia spana kwa mguu. Toyota nyingi ndogo huhitaji nguvu ya kukaza ya karibu Nm 40 (nyutoni mita) tu, na washa, ile pete ya kuzibia, iwe mpya kila unapomwaga oili. Ikivuja, badilisha washa. Usiongeze nguvu, maana thredi inayong'oka pale ni ya sampu yenyewe, lile bakuli la oili chini ya injini.