“Wanawake wa Kiarabu hawafanyi biashara”: umeuliza swali gani?

Mwezi huu nimesoma maandiko matatu ya utafiti, ya wanafunzi watatu wasiojuana. Mmoja anasoma Dodoma, mwingine Nairobi, wa tatu yuko Muscat. Yote matatu yanafungua kwa sentensi ileile: katika ulimwengu wa Kiarabu ni wanawake wachache mno wanaofanya biashara, kwa sababu ya dini na mila. Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti chipukizi kupanga kazi ya uwandani Ghuba na Afrika Kaskazini, na kuwashauri wafadhili wanaowalipia, na sentensi hiyo nimeikata kwa kalamu nyekundu kwa miaka. Sasa naiandikia kwa urefu, ili wa nne akija asome hapa kwanza ndipo tuzungumze.

“Takwimu zenyewe zinaonyesha hawafanyi biashara”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu imevaa nguo za kisayansi.

Namba wanazonukuu ni za kweli. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yanaweka ushiriki wa wanawake katika nguvu kazi, kwenye nchi za Kiarabu, kwenye mwanamke mmoja hivi kati ya watano, wakati wastani wa dunia unakaribia nusu. Pengo hilo ni kubwa, lipo, na anayekwambia kwamba ni kosa tu la kuhesabu naye anakupoteza. Lakini angalia mwanafunzi anavyoitumia namba hiyo. Anachukua kipimo cha nguvu kazi, ambacho ndani yake mmo karani wa wizara, anayetafuta ajira na muuza mikate, anakigeuza kuwa kipimo cha ujasiriamali. Akishamaliza hapo anaanza kueleza sababu za jambo ambalo hajalipima.

Twende Ibra, kaskazini ya Sharqiya, Oman. Pale kuna soko la wanawake la kila Jumatano, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake. Sharqiya ndiko walikotoka wengi waliohamia Unguja, Pemba na bara, na vizazi vyao viliporudi vilirudi na Kiswahili, kwa hiyo mtu wa kwetu hakosi wa kuzungumza naye. Nilikaa na bibi mmoja mzaliwa wa Unguja. Nilikuwa na dodoso la mwanafunzi wangu mkononi, nikamwamkia kisha nikauliza kama lilivyoandikwa: “Bibi, unafanya kazi?”

“Kazi gani tena, mwanangu? Mie niko nyumbani tu.”

Mbele yake alikuwa amepanga vichupa vya mafuta mazuri, vikopo vya bukhuri na kanzu zilizoshonwa na bintiye. Nikaliweka dodoso chini. “Tangu Jumatano iliyopita, bibi, umeuza nini?”

Alizungumza kwa muda mrefu bila kuhitaji swali jingine. Nani anamdai na nani anadaiwa, ubani wa Dhofar kaupata kwa riali ngapi, kanzu gani haitoki msimu huu, mkwewe gani anampigia picha za kutuma kwa WhatsApp. Swali la kwanza lingemwandika mama wa nyumbani. La pili linamwandika amejiajiri. Bibi ni yuleyule, mkeka uleule.

Sheria za kupima zipo na hazina utata mwingi. Aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu ndani ya wiki inayoulizwa anahesabiwa yuko kazini. Mwaka 2013, mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi huko Geneva uliitenga kazi ya kutafuta kipato na uzalishaji wa matumizi ya nyumbani: anayeoka mkate wa wanawe yuko upande mmoja, anayeoka wa kuuza yuko upande wa pili. Mwaka 2018 wakaongeza kundi la wanaojitegemea kwa jina huku soko lao lote likishikwa na mtu mmoja, mfano fundi cherehani anayeshonea nyumbani kwa oda za tajiri mmoja. Ukiwa hujui mwanamke wako yuko kundi gani kati ya haya, hujui unachunguza nini. Andiko lisilotaja mgawanyo huu huwa narudisha bila kusoma sura ya pili.

Kwamba swali hubadilisha jibu, tumeonyeshwa hapa kwetu. Elena Bardasi na wenzake walifanya jaribio Tanzania, wakalichapisha 2011: kaya zilipewa madodoso tofauti kwa bahati nasibu, mengine yenye maswali ya kuchuja kwa undani, yaani ya kubaini aliyefanya kazi yoyote hata ndogo, mengine ya mkato. Dodoso la mkato lilishusha idadi ya wanawake walioonekana wana kazi. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kumhoji mtu mwingine badala ya mhusika hakukupunguza idadi ya wanawake walioonekana wana kazi, ingawa saa zao za kazi zilipungua. Waliopungua kwenye hesabu walikuwa wanaume. Nalitaja kwa makusudi, maana kila mwanafunzi huniandikia kwamba “waume waliwajibia wake zao” kana kwamba hilo linamaliza maelezo. Huenda mahali fulani ndivyo. Lipime, usilidhanie. Misri nako, tangu miaka ya 1980, Richard Anker na Martha Anker walionyesha kwamba ukimtajia mwanamke wa kijijini kazi moja moja, kukamua, kufuga kuku, kuuza jibini, hesabu inayopatikana iko mbali na ile ya sensa.

Halafu kuna neno lenyewe. Sisi waandishi wa Kiswahili tunateleza hapa kuliko wengine. Kwetu neno “mjasiriamali” limeshuka mpaka sokoni. Mama wa vitenge Kariakoo atajiita mjasiriamali mdogo bila kusita. Kwa Kiarabu, istilahi ya ujasiriamali bado inakaa kwenye kumbi za mikutano na matangazo ya serikali. Ukimuuliza muuza chai wa Khartoum kama yeye ni *raidat a‘mal*, mjasiriamali wa kike, atafikiri unamtafuta mtu mwingine. Yeye ni *sitt al-shay*, bibi wa chai. Na hao mabibi wa chai wamejipanga wenyewe: Awadiya Mahmoud, muuza chai wa Khartoum aliyewaunganisha wenzake katika ushirika, alipewa tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri na Marekani mwaka 2016.

Mwanafunzi akikwama kwenye dodoso hukimbilia daftari la leseni, akidhani karatasi ya serikali haidanganyi. Daftari hukosea pande zote mbili. Bibi wa Ibra hayumo. Ila Saudia, mtumishi wa umma amekatazwa kufanya biashara, kwa hiyo wapo wanaoandikisha duka kwa jina la mke na kuliendesha wenyewe. Upo pia mchezo unaoitwa *tasattur*: mgeni anaendesha biashara chini ya jina la mwenyeji, na mwenyeji huyo anaweza kuwa mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga dukani. Kwenye daftari wote hao ni “wanawake wenye biashara”. Kwa hiyo leseni ikionekana, uliza nani anaidhinisha matumizi ya pesa, nani anaajiri na kufukuza, na hasara ikitokea nani analala bila usingizi.

Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka sauti ikauke: futa neno “kazi” na neno “ujasiriamali” kwenye maswali yako matano ya kwanza. Uliza vitu. Umeuza nini, umepika nini kwa oda, umeshona nini, umesuka nani, umepokea pesa ya nini. Cheo utakipanga mwenyewe ukifika kwenye meza yako.

“Dini inawazuia”

Mtu anaandika hivi kisha aya inayofuata anamtaja Bi Khadija, mfanyabiashara wa Makka aliyemwajiri Mtume kabla ya kuolewa naye, na haoni mgongano. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mali ya mke ni ya mke, na mume hana haki ya kuitia mkononi. Mwanamke wa Uingereza aliyeolewa alisubiri sheria ya 1882 kupata uhuru wa namna hiyo; wa Ufaransa alisubiri mpaka 1965 kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Madaftari ya mahakama ya Aleppo ya karne ya 18, aliyoyachambua Abraham Marcus, yamejaa wanawake wanaonunua na kuuza nyumba.

Saudia walidai idhini ya mlezi wa kiume ili mwanamke afungue biashara hadi Februari 2018. Sharti likaondolewa, Juni mwaka huohuo wakaruhusiwa kuendesha gari, na katika miaka michache ushiriki wa wanawake wa Saudia katika nguvu kazi ukapanda kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi karibu theluthi. Dini imebaki ileile, sheria ndiyo iliyobadilika. Chunguza sheria, usafiri, dhamana ya mkopo na nani anabaki na watoto. Huko ndiko kwenye kazi ya mtafiti.

“Jamii haitaki wanawake wafanye kazi”

Umeiuliza jamii, au umemuuliza mtu mmoja jamii inafikiri nini? Hayo ni maswali mawili. Leonardo Bursztyn na wenzake walikusanya vijana wa kiume waliooa mjini Riyadh. Kila mmoja peke yake, wengi mno walisema hawana tatizo na wanawake kufanya kazi nje ya nyumba. Walipotakiwa kukisia wenzao wangapi wanafikiri hivyo, wengi walikisia chini ya ukweli. Baadhi yao waliposahihishwa, wake zao walionekana baadaye wakiomba kazi na kuitwa kwenye usaili zaidi ya wake wa wale wasiosahihishwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Weka maswali yote mawili kwenye dodoso, la mhojiwa anafikiri nini na la anadhani majirani wanafikiri nini, na pengo kati yao ulichukulie kama matokeo.

“Tatizo lao ni mitaji, wapewe mikopo midogo”

Kaskazini mwa dunia na kwetu pia, kila mradi unamalizikia hapa. Bruno Crépon, Esther Duflo na wenzao walifuatilia mikopo ya shirika la Al Amana katika vijiji 162 vya Morocco. Katika vijiji vilivyofikiwa, waliochukua mkopo walikuwa takriban asilimia 13 tu. Waliochukua walipanua mifugo na kilimo walichokuwa nacho tayari, kipato cha vibarua kikapungua, na matumizi ya kaya hayakubadilika. Hawakuona dalili kwamba wanawake walipata kauli zaidi nyumbani. Wanawake wengi wa Kiarabu wana upatu wao, *gam‘iyya* kwa Wamisri, na upatu huo unajua zaidi kuhusu nani anaaminika kuliko afisa mikopo yeyote. Anza utafiti wako hapo.

“Arabuni ni kumoja”

Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22. Somalia imo. Djibouti imo. Komoro imo tangu 1993, na Ngazija, kisiwa chake kikubwa, nyumba na ardhi ya manyahuli, yaani mali ya ukoo wa mama, hupita kwa wanawake, mume ndiye anayehamia. Mfanyabiashara wa Moroni anayefuata mali Dubai anasimama juu ya nyumba yake mwenyewe. Utamweka kwenye sura moja na mjane wa Sana’a, Yemen, aliyepoteza duka vitani?

“Biashara zao ni ndogondogo”

Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2007 ilitazama kampuni rasmi katika nchi nane za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Zilizomilikiwa na wanawake zilikuwa asilimia 13. Kati ya hizo, zaidi ya asilimia 30 ziliajiri watu zaidi ya 250, na uzalishaji wao haukuwa nyuma ya wa wanaume. Wenye biashara ndogo wako nje ya daftari, kama nilivyoeleza. Wala usikimbilie kumhoji Huda Kattan wa vipodozi vya Huda Beauty au Mona Ataya wa duka la mtandaoni la Mumzworld. Wamehojiwa vya kutosha.

“Pesa za utafiti wangepewa wanawake wenyewe”

Hii huisema mfadhili, na huisema kwa nia njema, ndiyo maana inaniuma. Zoubida Charrouf ni mkemia wa Chuo Kikuu cha Mohammed V, Rabat. Alichunguza mafuta ya kokwa za mti wa argani kwa miaka kabla ya kuanzisha, mwaka 1996 kule Tamanar, ushirika wa wanawake wa kuyazalisha. Maabara yake ndiyo iliyoeleza mafuta yana nini na yakamuliwe vipi kwa mashine yasiharibike, huku kupasua kokwa kukibaki mikononi mwa wanawake. Wanawake hao wengi ni Waamazigh (Waberber), wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini na si Waarabu, jambo jingine ambalo “utafiti wa Waarabu” husahau. Faida ya chupa inayouzwa Paris inagawanywa vipi leo, hilo nalo linamsubiri mtafiti.

Kwa hiyo mfadhili akiniuliza alipie nini, namwambia alipie miezi miwili ya kukaa mahali kabla dodoso halijachapwa, mtafsiri wa lahaja ya mji ule badala ya Kiarabu cha gazeti, na jaribio la maswali ya kuchuja kwa wanawake hamsini. Mara nyingi bajeti hukata hivyo vitatu kwanza. Wiki iliyopita mwanafunzi wa Dodoma alinitumia rasimu mpya. Sentensi ya kwanza imeondoka, na swali lake la kwanza sasa linasema: “Tangu Ijumaa iliyopita, umeuza kitu gani?” Nimemrudishia nikiwa nimeongeza neno moja tu mwishoni: “na kwa nani?”