Kwa nini unaweza kutembea karibu siku nzima kando ya Ukuta wa Hadrian bila kuuona ukuta wenyewe?

Kaskazini mwa Uingereza kuna njia ya miguu ya kilomita 135 inayofuata mpaka wa zamani wa Dola la Roma, kutoka Wallsend upande wa mashariki hadi Bowness-on-Solway magharibi. Mpaka huo ulikuwa ukuta, ulioanza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian. Mgeni hudhani kwamba tangu asubuhi hadi jioni atakuwa na ukuta ubavuni mwake. Basi na ajaribu mwendo wa kutoka Heddon-on-the-Wall hadi Chollerford, kilomita 24 hivi. Heddon atakuta kipande kizuri chenye upana wa karibu mita tatu. Akishakipita, ni malisho, kondoo, na barabara ya lami iliyonyooka inayokwenda naye saa baada ya saa. Ukuta uko wapi?

Uko chini ya hiyo lami.

Mwaka 1745 waasi waliomuunga mkono Charles Edward Stuart, mwanamfalme ambaye ukoo wake ulidai kiti cha ufalme wa Uingereza, walishuka kutoka Uskoti na kuuteka mji wa Carlisle, upande wa magharibi. Jenerali George Wade alikuwa Newcastle, mashariki, akiwa na jeshi la serikali. Alitaka kwenda kuwakabili, lakini njia zilikuwa mbovu na theluji ilikuwa imeanguka. Akafika Hexham, akageuza. Aibu hiyo haikusahaulika. Mwaka 1751 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga barabara ya kijeshi kati ya miji hiyo miwili, na wajenzi wakaona msingi uko tayari: ukuta wa Warumi, ulionyooka na kujaa mawe. Wakaubomoa, wakausawazisha, wakapitisha barabara juu yake kwa maili nyingi. Mpaka leo wenyeji wengine huiita barabara ya Wade, ingawa Wade mwenyewe alifariki mwaka 1748, kabla haijaanza kujengwa.

Lakini tusimbebeshe marehemu lawama zote. Warumi walipoondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya tano, waliacha mawe ambayo mtu mwingine alikwisha kuyachimba na kuyachonga. Kufa kufaana. Watawa wa Lanercost walijenga nyumba yao ya ibada kwa mawe hayo katika karne ya 12, mabwana wa Thirlwall wakapata ngome, na wakulima wakapata mazizi na nyua. Mawe mengine yalichomwa kuwa chokaa.

Karibu na Chollerford, mahali panapoitwa Planetrees, kipande kifupi cha ukuta kimesimama peke yake malishoni, na kina kisa chake. Mwaka 1801 William Hutton, mzee wa miaka 78, alitoka Birmingham kwa miguu kuja kuutazama ukuta, akaumaliza wote, kisha akarudi kwao vilevile kwa miguu. Alipofika hapo alikuta mwenye shamba, Henry Tulip, anaubomoa ukuta ili apate mawe ya kujengea nyumba. Hutton akamsihi aache. Inaaminika kwamba ombi la mzee yule ndilo lililokiokoa kipande tunachokiona. Binafsi ningesimama hapo muda mrefu kuliko kwenye ngome yoyote kubwa.

Hata hivyo, mtembeaji mwenye jicho hapotei. Warumi walichimba handaki upande wa kaskazini wa ukuta, na kusini wakachimba jingine lenye matuta pande zote mbili. Mawe hubebwa, shimo halibebeki. Kwa hiyo unapotembea kando ya barabara ile na kuona bonde dogo lililonyooka limeota nyasi, unajua mpaka ulipita hapo hapo.

Mbele ya Chollerford mambo hubadilika. Ukuta unapanda mgongo wa mwamba mgumu uitwao Whin Sill, wenye magenge yanayotazama kaskazini. Warumi waliupenda kwa ulinzi. Wajenzi wa barabara waliukwepa kwa sababu hiyo hiyo ya ugumu, wakapita chini, upande wa kusini. Ndiyo maana sehemu za juu zimebaki, isipokuwa pale machimbo ya mawe ya Cawfields na Walltown yalipoumega mwamba pamoja na ukuta wake.

Ila kuna jambo moja ambalo picha hazikuelezi. Sehemu kubwa ya ukuta unaopigwa picha huko juu ilipangwa upya katika karne ya 19. John Clayton, mwanasheria tajiri wa Newcastle, alianza kununua mashamba kando ya ukuta mwaka 1834 ili kuuokoa. Watu wake waliokota mawe yaliyoanguka wakayapanga tena bila saruji wala chokaa, na juu wakaweka nyasi. Wataalamu wengine humnung'unikia kwa kuchanganya ya kale na ya kwake. Mimi naona bila yeye tungekuwa tunatembea kando ya mashimo tu.

Mwenye siku moja tu, basi, aende huko juu ya magenge, kati ya Steel Rigg na Housesteads, na ashike njia ya pembeni, maana kutembea juu ya mawe yale hakutakiwi. Wakati wa kiangazi kuna basi linalopita maeneo hayo. Namba yake ni AD122.